Mwanga Uliorudi Mapema

Akiingia darasani, kitu cha kwanza alichofanya Mwalimu wetu wa fizikia kilikuwa kuzima taa. Shule yetu ilikaa juu ya mawe, madirisha yakitazama ziwa, na asubuhi mwanga ulikuwa mwingi wa kutosha. Akishazima, alisimama mbele yetu kimya, mikono ameikunja. "Haya, angalieni," alisema. Cha kuangalia kilikuwa vumbi la chaki tu, likielea polepole pale jua lilipoingia kwa mshazari. Dakika mbili tatu zilipita hivyo. Wapo waliosinzia. Mimi nilidhani anasali.

Simtaji jina hapa, na nadhani hatalikosa. Wanafunzi walimwita Mwalimu, na walimu wenzake nao walimwita Mwalimu, kana kwamba wao walikuwa na kazi nyingine. Ukisema "Mwalimu amekataa," hakuna aliyeuliza mwalimu yupi. Mimi aliniita Magu, kwa kuwa ndiko nilikotoka, kwa wakulima wa pamba. Leo mimi ni mtu mzima, nina watoto watatu, na bado ananiita Magu.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, Mhaya wa huko Bukoba, anayetembea kama aliyebeba ndoo kichwani hata alipokuwa mikono mitupu. Alivaa sweta mwaka mzima. Mfuko wa kulia wa sweta ulikuwa na chaki na rozari. Wa kushoto ulikuwa na kahawa ya kutafuna, ile inayofungwa kwenye majani ya mgomba, aliyoletewa na ndugu zake kwa meli. Akifikiri alitupa punje moja mdomoni. Kwa hiyo tulijua swali gumu kwa harufu yake.

Hakupaza sauti. Darasa likiwa na kelele, yeye alizidi kushusha sauti, mpaka tukajikuta tumenyamaza sote, tumeinama mbele, tunatafuta maneno yake kama watu wanaotafuta sindano sakafuni.

Kidato cha tatu alikuja na leza. Ilikuwa ile kalamu ndogo yenye mwanga mwekundu inayouzwa na wamachinga wa Nyamagana pamoja na betri na miwani ya jua. Aliielekeza ukutani, tukaona kitone. Akauliza, "Mwanga uko wapi?"

Tukaonyesha kitone.

"Na hapa katikati?"

Katikati hapakuwa na kitu. Akachukua dasta mbili, akazigonganisha, na vumbi liliposhuka ule uzi mwekundu ukatokea, umenyooka kutoka mkononi mwake hadi ukutani, ukimetameta. "Ulikuwepo muda wote," alisema. "Haukuwa na kitu cha kugusa."

Halafu akatufundisha plazma, ambayo haikuwemo kwenye mtihani wowote. Alisema ukichoma barafu unapata maji, ukichoma maji unapata mvuke, na watu wengi huishia hapo. Lakini ukizidi kuchoma, atomu zenyewe zinafunguka, elektroni zinatoka nje na kuanza kutangatanga. Unabaki na kitu kama gesi, lakini chenye umeme, ambacho ukikigusa upande mmoja kinatetemeka upande wa pili. "Jua ni hilo. Radi ni hiyo. Taa hii ndefu ninayoizima kila siku, ndani yake ni hiyohiyo." Akatupa punje ya kahawa mdomoni. "Mimi nilikuwa napitisha leza humo. Nilitaka kujua inapita vipi."

Jumamosi moja alitupeleka kwenye gati la kivuko. Magugu maji yalikuwa yamefunika maji yote, kijani kitupu hadi mbali, ukadhani unaweza kutembea juu yake hadi ng'ambo. Mtumbwi mmoja ulikuwa unahangaika pembeni, unazungushwa na magugu huku na huku. Kisha kivuko kikatoka. Kikayasukuma magugu kando, kikafungua njia nyeusi ya maji, na magugu yaliyorundikana pande zote mbili yakawa kama kuta. Mtumbwi nao ukaingia nyuma yake, ukaenda umenyooka.

"Mwanga dhaifu unapelekwa na plazma inavyotaka," alisema. "Ukiwa na nguvu, unazisukuma elektroni pembeni, unajifungulia njia, na ile njia inaubana usitawanyike. Ukizidi nguvu tena, unapasukapasuka nyuzi nyingi na kupotea. Na plazma ikiwa nzito kupita kiasi, haupiti kabisa. Unageuka."

Msichana mmoja, mwepesi wa kuuliza, akasema, "Ukigeuka, Mwalimu, unarudi na nini?"

Mwalimu akatazama maji muda mrefu. Njia ya kivuko ilikuwa imeanza kuziba.

"Unarudi na habari za huko ulikofika," alisema. "Kama kweli ulifika."

Hatukumwelewa. Upepo ulianza kuvuma kutoka visiwani, na yeye akatuambia twende zetu.

Alikuwa na mambo yake. Alitufundisha kwamba kioo hakivuti radi, akatuchorea mawingu, chaji na njia ya umeme hadi ardhini. Lakini wingu lilipotanda juu ya ziwa, alikwenda ofisi ya walimu na kukifunika kioo cha ukutani kwa khanga. Mwalimu wa jiografia alimtania mbele yetu. Yeye akamjibu taratibu, "Mama yangu alifanya hivi hadi anaingia kaburini. Sijaona sababu ya kugombana naye sasa."

Kanisani aliimba kwenye kwaya, sauti ya pili, na aliimba vibaya. Kila mtu alijua ila yeye. Mwalimu wa kwaya alimweka mwisho wa mstari, karibu na ngoma.

Pia alikuwa mgumu wa moyo, lazima niseme. Aliwahi kukaa muhula mzima bila kusema na makamu mkuu wa shule kwa sababu ya ufunguo wa maabara. Walipishana koridoni kama watu wawili waliokuja mjini kwa shughuli tofauti. Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu samahani. Mara moja alinikosea kwenye kusahihisha, akaninyima alama kumi zangu. Nilipompelekea karatasi aliitazama, akarekebisha, akanirudishia bila neno. Kesho yake akaniwekea mkungu wa ndizi mbivu mlangoni mwa bweni. Tulikula chumba kizima, na mimi nikajua kwamba hapo ndipo nimeombwa radhi.

Jambo lililomfanya awe mkubwa machoni petu lilikuwa ugomvi wake wa Ulaya. Tuliusikia kwa vipande, kwa walimu na kwa wapishi. Nilipokuwa kidato cha nne nilimsaidia kubeba madaftari hadi nyumbani kwake Bwiru, na hapo nikausikia kwake mwenyewe, kwa mara ya kwanza, na kwa miaka mingi mara ya pekee.

Nyumba yake ilikuwa ndogo, imebanwa kati ya mawe mawili makubwa, na ndani mlikuwa na ubaridi kama wa kisimani. Ukuta mmoja wote ulikuwa madaftari. Si ya wanafunzi. Yalikuwa yake, ya kurasa themanini, yale yale tuliyoyatumia sisi, yamejaa hesabu za mwanga ndani ya plazma kwa mwandiko mdogo wa penseli. Alinimiminia uji, akakaa.

Alisema alikuwa huko Ulaya, mwaka wa tatu wa shahada yake ya udaktari wa fizikia. Walikuwa wanapiga leza kwa mipigo mifupi sana kwenye chupa ya chuma yenye dirisha la kioo, na ndani ya chupa kulikuwa na plazma. Mwanga ulipita, lakini yeye aliona kidogo kinarudi nyuma. Aliamini kinarudi kutoka ndani ya plazma yenyewe, kwamba leza imeitikisa plazma na plazma imeitupa nyuma sehemu ya mwanga. Profesa wake akasema hapana, kile ni kioo cha dirisha tu kinaakisi, kama dirisha lolote.

"Nilimwonyesha vipimo vya muda," alisema Mwalimu. "Mwanga wa kwenye kioo ungerudi mapema. Wa kwenye plazma ungechelewa, maana plazma iko mbele zaidi. Wangu ulichelewa. Nilikuwa nimepima."

"Akasemaje?"

"Akasema nirudie upimaji wote. Kazi ya miezi minane." Akazungusha kikombe mezani. "Nikamwambia wengine hawaambii warudie. Nikamwambia hapendi kuona kitu kikubwa kinatoka mkononi mwangu. Nikafunga begi."

Alirudi nyumbani bila shahada, akaja kutufundisha sisi kwamba mwanga hujipinda kwenye kioo.

Nilitoka pale nina hasira kwa niaba yake. Niliisimulia hadithi hiyo bwenini, baadaye chuo cha uuguzi, baadaye kwa mume wangu: mwalimu wangu alionewa na mzungu. Wengi wetu tuliisimulia. Kwenye sherehe ya kumuaga alipostaafu, mkuu wa shule aliitaja kwenye hotuba, watu wakapiga makofi. Mwalimu alikuwa amekaa mbele, shada la maua mapajani, akitazama ziwa kupitia mlango ulioachwa wazi. Siku hiyo wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda, nguzo za kijivu kama moshi zikisogea juu ya maji. Sidhani kama alisikia makofi.

Mimi sasa ni muuguzi kwenye kliniki ya macho hapa mjini. Mwaka huu, asubuhi moja ya ukungu, aliingia ameshikwa mkono na binti wa kaka yake. Alikuwa amepungua, na miwani ilimlemea. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

Aligeuza uso kutafuta sauti inatoka wapi. "Marahaba. Magu?"

Alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho muda uliopita, akaona vizuri, kisha ukungu ukarudi. Hutokea. Nyuma ya lenzi mpya huota utando, na dawa yake ni kuutoboa kwa leza, kazi ya dakika chache. Nilimweleza hivyo, nikijua namweleza nani. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Nilimtia matone ya kutanua mboni, nikamkalisha kwenye benchi la koridoni kusubiri yafanye kazi. Binti akaenda kununua maji. Mwalimu akaushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Magu, unaikumbuka ile habari yangu ya kule?"

"Naikumbuka, Mwalimu. Tunaikumbuka wote."

"Basi nilikosea."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea kwa ile sauti yake ya chini, na mimi nikainama kama zamani. Alisema alipostaafu alikuwa na siku nyingi zisizo na kengele, akayafungua madaftari ya maabara aliyorudi nayo na ambayo hakuwahi kuyagusa, kwa hasira. Katika moja alikuta mchoro wa meza yao ya vifaa. Ulikuwa mchoro mzuri, na vipimo vyote. Waya uliobeba habari kutoka kwenye kipokea-mwanga hadi kwenye mashine ya kupimia muda ulizunguka nyuma ya pampu. Pembeni ameandika urefu wake, mita mbili.

"Waya wa mita mbili hauwezi kuizunguka pampu ile," alisema. "Niliambiwa ni mita mbili na fundi aliyekuwepo, nikaandika. Sikuupima. Ulikuwa zaidi ya mita tatu. Habari ilichelewa kwenye waya, mimi nikadhani imechelewa kwenye plazma. Ondoa huo muda, mwanga wangu unarudi mapema. Unatoka kwenye kioo. Kama alivyosema."

Koridoni mtoto mmoja alikuwa analia, kisha akanyamaza.

"Usiku ule sikulala, nilikaa nje kwenye mawe hadi kukapambazuka. Nilikuwa namwona yeye. Si kwamba alikuwa mtu mwema sana. Lakini aliniambia nirudie, na kurudia kungeuonyesha waya. Ilikuwa miezi minane tu." Akatafuta kitambaa, akafuta machozi ya dawa. "Nikamwandikia. Nimemwomba radhi."

Hilo neno lilinishtua kuliko waya.

"Akajibu?"

Akafungua mkoba, akatoa bahasha yenye stempu za kigeni. Haikuwa imefunguliwa.

"Ilikuja macho yakiwa yameshaingia ukungu. Mwandiko wake naujua kwa umbo. Huyu mtoto angenisomea, lakini hajui kwamba nilikosea. Hakuna anayejua, sasa ni wewe tu. Nilisema nitaisoma mwenyewe nikitibiwa."

Daktari akaita. Alikuwa kijana mpole, si mwenyeji sana wa mji. Nikamsaidia Mwalimu kukaa kwenye mashine, kidevu kwenye kishikio, paji la uso kwenye ukanda.

"Mama, usitikisike. Utasikia kama kubofya kalamu."

"Mpigo mmoja una muda gani?" Mwalimu akauliza, kidevu hakijasogea.

Daktari akanitazama. "Sekunde ukiigawa kwa bilioni, unachukua sehemu chache hivi."

"Kama mipigo yetu. Na mwanga ukikusanyika pale, nguvu inatosha kufungua atomu."

"Ndiyo, Mama. Inatoka cheche ndogo sana. Hiyo cheche ndiyo inayochana utando."

"Plazma," alisema Mwalimu.

"Ndiyo," daktari akasema, sasa anamtazama vizuri. "Tena ikishatokea, inasaidia kuzuia mwanga unaobaki usifike nyuma ya jicho. Inalinda."

Taa ya chumba ilizimwa. Nilimshika kichwa kwa nyuma, kwa mikono miwili, na chini ya vidole nilihisi mshipa wake ukipiga. Tik. Akakaza mabega, kisha akayalegeza. Tik. Tik. Kila sauti ilikuwa ndogo na kavu. Upande wangu sikuona kitu zaidi ya uso wake na nukta nyekundu ya kulengea ikitulia juu ya jicho. Katikati ya kazi aliinua kidole, daktari akasitisha.

"Inauma, Mama?"

"Hapana. Endelea. Nilitaka kuisikia."

Tulipotoka nilimuuliza aliisikia nini. Alisema ile maabara ilikuwa na pampu zinazonguruma mchana kutwa, na plazma yao ilikuwa ndani ya chuma. Miaka yote ile aliijua kwa namba. "Sikujua kama ina sauti," alisema.

Tulirudi kwenye benchi. Ukungu wa nje ulikuwa umeondoka na koridoni mlikuwa mweupe mno kwake, mboni zikiwa bado zimetanuka. Alivaa miwani, akaivua. Alifungua bahasha, akaishika barua karibu, akaisogeza mbali. Herufi hazikukaa. Nilimwambia zitakaa jioni, dawa ikiisha. Akaikunja, akaiweka mapajani, akawa anaipigapiga kwa kidole.

Nilimwacha. Binti yule alikuwa amerudi na maji, amesimama mlangoni. Mwalimu akasikia hatua zake, akamwita aje akae. Kisha akaninyooshea barua.

"Tusomee, Magu. Wote wawili."

Ilikuwa kwa Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu, mwandiko wa mtu mzee. Nilisoma polepole, nikimfasiria binti pale alipokunja uso. Profesa alimshukuru. Alisema naye alisema maneno siku ile ambayo hakupaswa kuyasema, hasa kwa mgeni aliyekuwa mbali na kwao. Alisema mkewe amefariki, na kwamba anaishi karibu na mto. Binti akamgeukia shangazi yake aliposikia habari ya kukosea na kioo. Mwalimu alikaa wima, anatazama mbele, mwanga wote umemjaa machoni.

Halafu ukurasa wa pili. Profesa aliandika kwamba nakala ya vipimo vyake aliitunza. Baada ya kupata barua alivipitia vyote upya, akisahihisha urefu wa waya. Mipigo karibu yote iliangukia kwenye kioo. Ila mmoja, wa kumi na saba, ambao Mwalimu mwenyewe aliuwekea mstari mwekundu na kuutupa kwa sababu ulichelewa kupita kiasi. Alimwomba Mwalimu autazame, kama bado analo daftari. Mpigo mmoja si ushahidi, aliandika, na wewe ungekuwa wa kwanza kuniambia hivyo.

Nikaishusha karatasi. Barua ilikuwa imekwisha, imebaki sahihi tu.

"Wa kumi na saba," alisema Mwalimu.

Alifumba macho. Kidole chake kilianza kuandika kwenye paja, juu ya kitambaa cha sketi, namba ndogondogo, anaandika, anafuta kwa kiganja, anaandika tena. Watu walipita na kadi zao mkononi. Binti alitaka kumpa maji, nikamshika mkono asubiri.

Kidole kikasimama.

"Unaingia," alisema. "Hata ukiondoa muda wa waya, mle ndani ya plazma kabisa."

Akafumbua macho, akayaelekeza dirishani, ambako bado hakuweza kuona kitu zaidi ya weupe, na akaniuliza kama nina penseli.